Maneno Niliyowafundisha Kuyakata

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ya wazee huko Saint Paul, nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikiwa nimevaa suti. Ndiyo, suti, na tai niliyoazima kwa shemeji yangu. Rungwe nilikotoka nilikuwa tabibu wa zahanati, mtu wa kuheshimika, na sikuwa nimeelewa vizuri kwamba kazi niliyoajiriwa Marekani ilikuwa ya kuwaogesha watu wazima na kuwabadilisha nepi. Msimamizi wa zamu, mama mmoja Mkenya kutoka Nyamira, aliniangalia kuanzia kiatu hadi tai, akacheka mpaka akashika meza.

"Haiya, Mtanzania! Umekuja harusi?" akasema. "Enda stoo uchukue scrubs, urudi haraka. Report inaanza saa hii."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nilivaa lile gwanda la kijani, suruali ikiishia juu ya vifundo vya miguu, nikasimama nyuma ya wenzangu kusikiliza ripoti, yaani maelezo ambayo zamu inayotoka huikabidhi zamu inayoingia. Kila mgonjwa alisemwa kwa nusu dakika. Nilishangaa kuona maisha ya mtu wa miaka tisini yakisemwa kwa pumzi moja: amelala vizuri, amekula nusu sahani, mguu wa kushoto bado unauma, hakuna jipya.

Tulipotoka, msimamizi alinivuta pembeni. "Wewe unasikiza ni kama uko kanisani," akaniambia. "Hapa unachuja. Chuja, Asajile, ama hutamaliza hii siku."

Neno hilo la kuchuja lilinilisha mimi na wanangu kwa miaka mingi. Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia kazi hii sasa, wengi wenu nikiwa nawafahamu kwa majina, kwa sababu neno hilohilo limenikosesha raha uzeeni.

Ili kuwa muuguzi kamili ilinibidi nifanye mtihani wa leseni. Nilianguka mara mbili. Mimi, niliyeshona majeraha ya panga na kuzalisha wanawake bila daktari wa kumuuliza, nilishindwa na maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne! Nilikasirika sana, nikasema ni ubaguzi, nikasema ni lugha. Haikuwa lugha. Kila swali lilikuwa fumbo, na mtungaji alikuwa amemwaga ndani yake maelezo ya kumpoteza msomaji, kwa makusudi kabisa.

Niwape mfano wa maswali hayo. Bibi wa miaka sabini na minane, mwalimu mstaafu, amefanyiwa upasuaji wa nyonga jana. Binti yake ni wakili na amelalamika kwamba chakula kililetwa kimepoa. Bibi anasema ana kichefuchefu kidogo na kwamba kifua kimembana ghafla. Utafanya nini kwanza? Majibu ni kuongea na binti, kumpa bibi dawa ya kichefuchefu, kupiga simu jikoni, au kumketisha na kumpa oksijeni. Nimewapa swali hili mamia ya watu wetu, na kila darasa wamekuwapo walioenda moja kwa moja kwa binti. Watu wetu wanamwogopa wakili kuliko kifo.

Kabla ya jaribio langu la tatu nilimkumbuka mwalimu wangu wa hesabu wa shule ya msingi. Yeye alipenda kutuchezea: mzee fulani ana ng'ombe saba, amevaa koti jeusi, ametembea tangu alfajiri kwenda mnadani, ameuza wawili, mvua ikanyesha njiani, amebaki na wangapi? Sisi watoto tuliuliza habari za mvua. Naye alitujibu, "Mvua imemnyeshea mzee, haikuinyeshea hesabu." Basi nikachukua daftari na penseli, nikaanza kuandika kila swali la mazoezi kwa mkono, kisha nikakata kwa mstari mmoja kila neno ambalo, kama ile mvua, halikuinyeshea hesabu. Kilichobaki nikakiita shina. Vile nilivyovikata nikaviita mapambo. Jibu la uongo linalonukia kama jibu la kweli nikaliita chambo, na kazi yote nikaiita kuvua swali, yaani kulivua mapambo yake. Jaribio la tatu nilipita.

Habari zilienea. Baada ya miaka kadhaa ya uuguzi niliajiriwa na shule moja ndogo ya matayarisho ya mtihani pale mtaa wa Frogtown, ghorofa ya pili, juu ya duka la Wahmong, wahamiaji kutoka Laos, lililouza mchele na mboga za majani, dirisha likitazama treni za University Avenue. Mkurugenzi wa shule alikuwa Mmarekani mrefu asiyepoteza maneno. Siku ya kwanza alikaa nyuma ya darasa akinisikiliza nikieleza kwa nini mgonjwa wa kisukari hutetemeka, halafu akaniita ofisini.

"Hayo waliyafundishwa chuoni," alisema. "Hapa hatufundishi uuguzi. Tunafundisha mtihani. Unaweza kuvitenganisha?"

"Ninaweza," nikajibu, na kweli niliweza. Niliweza kupita kiasi.

Shida ya wanafunzi wetu haikuwa ujinga. Walijua mno. Mama mmoja aliyekuwa ameuguza watu katika kambi ya wakimbizi alikataa jibu la oksijeni kwa sababu, alisema, hakuna zahanati aliyowahi kuiona yenye mtungi uliojaa. Mwingine, Mkisii mwenye roho nzuri, kila swali alitaka kwanza kumpa mgonjwa pole. Nikawatungia kanuni. Katika dunia ya mtihani kila kifaa kipo na kila mtungi umejaa. Usiongeze neno ambalo halikuandikwa. Ndugu wa mgonjwa ni pambo mpaka ithibitike vinginevyo. Na ile waliyoipenda kuliko zote, waliyoiandika juu ya daftari kwa wino mwekundu: usimhurumie mtu wa karatasini, hana mama.

Tulicheka sana katika darasa lile. Sitasema uongo, ilikuwa kazi tamu, nami nilijiona bingwa.

Mkurugenzi alipofunga shule na kuhamia Arizona kufuata jua, mchungaji wa kanisa letu la Brooklyn Center alinipa chumba cha chini ya kanisa kila Jumamosi. Mchungaji huyo alikuwa Mkenya, naye mwenyewe siku za kazi alikuwa fundi wa mashine za mapafu hospitalini, kwa hiyo alijua tunachopambana nacho. Darasani walikuja Wakenya na Wakongo kwa wingi, na Watanzania wachache kwa kuchelewa. Hapo ndipo alipokuja Nabintu.

Nabintu alitoka Uvira. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, amepitia kambi kwa miaka ambayo hakupenda kuitaja, na hapa Minnesota alikuwa amesoma uuguzi huku akifanya kazi ya usaidizi wa wauguzi. Alikuwa ameanguka mtihani mara tatu. Kosa lake liliniuma hata mimi: alisoma kila swali kama barua iliyotumwa kwake. Alitaka kujua mume wa mgonjwa alikufa lini. Alitaka kujua nani anamlisha paka.

"Mwalimu, huyu mama iko peke yake mu nyumba," aliniambia siku moja, kidole juu ya swali. "Niache kuwaza ile?"

"Acha," nikamwambia. "Paka hakuulizwa. Kata."

"Nibarer?"

Hivyo ndivyo Wakongo wetu walivyosema kukata kwa mstari, na darasa zima, hata Wakisii, lilikuwa limelichukua neno hilo. "Barer," nikamwambia. Akakata, taratibu, kana kwamba anamwomba paka msamaha.

Nilimshikilia mwaka mzima. Nilimnunulia vijidaftari vidogo vya kuingia mfukoni, nikamwagiza afanye zoezi hata nje ya darasa: sikiliza watu wanaongea, andika, kisha kata. Alifanya hivyo kwenye basi, alifanya hivyo hata ibadani, mpaka mchungaji akaniuliza kwa utani kama mahubiri yake yana shina au ni mapambo matupu. Mtihani wa nne alipita. Watoto wake waliimba mbele ya kanisa, yeye akalia, na mimi nikasimamishwa nikapigiwa makofi. Nakumbuka nilivyofurahi, na naona haya kukumbuka.

Aliajiriwa kuwa muuguzi katika nyumba ya wazee upande wa kaskazini wa mji. Yapata mwaka wa pili wa kazi yake, mwanzo wa majira ya baridi, likatokea jambo hili.

Alikuwapo pale mzee mmoja aliyeitwa Walter, zamani seremala, aliyetumia dawa ya kuzuia damu isigande kwa sababu ya moyo wake. Alimpenda Nabintu na kumfundisha majina ya ndege waliokuja dirishani. Jumapili moja mchana binti yake alimchukua matembezi kwenye jumba kubwa la maduka la Roseville. Waliporudi, Nabintu alikuwa zamu, na binti akamweleza jinsi siku ilivyokwenda. Alieleza kirefu sana. Walinunua soksi za sufu, jozi sita. Walikula aiskrimu ijapokuwa baridi. Mahali pa kuegesha gari palijaa, wakaegesha mbali. Wakati wa kupanda gari mlango ulimwangushia baba kofia. Mjukuu amepata mchumba. Na tafadhali sana, muuguzi, miguu ya baba imevimba, angalia, imevimba kuliko jana, nina wasiwasi kweli na miguu yake.

Nabintu alisimama na kijidaftari chake, akaandika yote kama nilivyomzoesha. Kisha akavua. Alikata soksi, akakata aiskrimu, akakata maegesho, akakata mlango na kofia, akakata mchumba. Ikabaki miguu. Na miguu iliyovimba kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo si mchezo. Aliipima, akaiinua juu ya mito, akampigia daktari, akaandika kwenye faili maelezo safi ambayo ningeyapa alama zote. Ripoti aliyoikabidhi zamu iliyofuata ilikuwa ya sekunde ishirini.

Kama binti angesema mlango umempiga baba kichwani, kila muuguzi anajua la kufanya. Mtu wa dawa ile akigongwa kichwa, hata kidogo, unamwita daktari papo hapo na kumchunguza kila baada ya muda mfupi, kwa maana damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu polepole bila jeraha kuonekana. Lakini mlango ulikuwa umeangusha kofia tu. Jumanne Mzee Walter alishinda anasinzia. Jumatano hawakuweza kumwamsha. Ijumaa alifariki hospitalini, na picha za kichwa zilikuwa zimeshaonyesha damu.

Nyumba ile ilifanya uchunguzi, na bodi ya leseni ikafungua faili. Binti alisema alimweleza muuguzi kuhusu mlango. Kwenye kumbukumbu rasmi hapakuwa na neno mlango popote. Lilikuwa neno la mmoja dhidi ya mwingine, na Nabintu angeweza kusema kwamba hakusikia kitu kama hicho. Watu husahau, na watu wenye msiba huchanganya mambo. Leseni yake, iliyomgharimu miaka na mitihani minne, ingepona.

Alikuja kwangu Jumamosi, kabla ya darasa, kukiwa bado hakuna mtu mwingine chini kule. Hakuvua hata koti. Alifungua kijidaftari, akaniwekea mezani.

"Mwalimu, iko hapa. Nilisikia, nikaandika, nikabarer."

Nikasoma. Mwandiko wake ulikuwa mzuri siku zote. Chini ya mstari wa penseli, maneno yalisomeka bila shida: mlango wa gari, kofia. Penseli haifuti, inapita juu tu. Niliwachagulia penseli kwa sababu hiyohiyo, ili mwanafunzi aweze kurudi na kuona alichokikata.

Ninyi vijana mnanijua kama mtu mkali wa maadili. Basi sikieni nilichosema. Nilimwambia, "Hili si sehemu ya faili. Ni daftari lako la mazoezi. Hakuna aliyeliuliza, na hakuna anayejua kuwa lipo. Una watoto watatu, mama. Lichome."

Nilisema nina huruma naye, na huruma ilikuwapo. Lakini nilichokiona pale mezani ni kazi yangu mimi, mstari wangu mimi, na nilitaka uteketee kabla mtu mwingine hajauona. Niliogopa, basi.

Nabintu alinitazama. Hakuwa na hasira, na ningependelea angekuwa nayo.

"Mwalimu," akasema, "unanifundisha kubarer tena?"

Akachukua daftari lake, akaondoka. Jumatatu alilikabidhi kwa mpelelezi wa bodi kwa mkono wake mwenyewe.

Niliposikia, nililala siku mbili nikisingizia mafua, kisha nikaandika barua. Niliieleza bodi kwamba mbinu ile ni yangu, kwamba nilimfundisha mimi, kwamba muuguzi huyu kwa asili yake alikuwa msikilizaji kuliko wote niliowahi kuwafundisha, na mimi ndiye niliyemtoa katika asili hiyo. Kurasa nne. Siku ya kikao nilikaa nyuma pamoja na mchungaji. Mwenyekiti alikuwa mama mwenye nywele nyeupe na sauti ya upole.

"Barua ya mwalimu imesomwa," alisema. "Tunamshukuru. Lakini suala lililo mbele yetu ni kama mwenye leseni alipata taarifa na hakuifanyia kazi. Mwalimu wake hayumo katika suala hilo."

Kurasa zangu nne zikawekwa kando. Alikuwa amelivua swali barabara. Mimi nilikuwa pambo.

Wakamuuliza Nabintu kama ana la kusema. Alisimama, akasema kwa Kiingereza chake cha polepole, "He told me the birds. I should ask about the hat." Basi. Leseni ilisimamishwa, kwa masharti ya kuipata tena ambayo yalikuwa mazito ila yanawezekana. Alipotoka alinipa mkono na kuniuliza hali ya mke wangu, maana Nabintu hawezi kumpita mtu bila kumuuliza hali.

Mwezi mmoja baadaye binti wa marehemu alinitafuta kupitia kanisa. Alikuwapo kikaoni, akaisikia barua yangu ikitajwa, na alitaka tuonane. Alichagua mahali mwenyewe: Roseville, kwenye meza za chakula ndani ya lile jumba la maduka. Nilikwenda. Nilidhani amekuja kunilaani, na nilikuwa nimejiandaa kunyamaza.

Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu. Alianza kwa kunionyesha meza waliyokalia siku ile. Akanionyesha duka la soksi. Aliongea juu ya soksi kwa dakika kumi, nami nilitega sikio kwa kila jozi.

"Mlango niliufunga mimi," akasema. "Alikuwa anachelewa kuinama, kulikuwa na gari linangoja nafasi yetu, linapiga honi, nami nikakasirika na baba yangu. Nikausukuma. Nilisikia sauti yake ulipompata kichwani. Halafu nikaiokota kofia, nikamvika, naye akaniambia hakuna neno, mwanangu."

Akaigusa meza pale alipokuwa amekaa baba yake.

"Nilijua kwamba nilipaswa kusema," aliendelea. "Basi nikasema. Lakini nilianza na soksi. Nikaweka ile kofia katikati, kisha nikamaliza kwa miguu, kwa sababu nilijua miguu angeiangalia. Nilitaka niwe nimesema, na nilitaka asisikie. Unanielewa?"

Nilimwelewa kabisa. Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini hawakusema kwamba kifo hukosea nyumba na kumuumbua mwingine. Nilimshika mkono yule mama nikamwambia pole. Nilikuwa nimewakataza wanafunzi wangu neno hilo kwa zaidi ya miaka kumi.

Njiani nikirudi nilifikiri jambo ambalo nilipaswa kulifikiri tangu Frogtown. Mtungaji wa mtihani huweka maneno ya kupoteza kwa sababu anataka kujua kama unajua. Hana anachokiogopa. Maneno yake ya ziada hayana kitu ndani, unaweza kuyakata yote na hakuna atakayeumia. Mtu hai hutupa maneno ya ziada kwa sababu anaona haya, au anaogopa, na jambo lenyewe hulizika humohumo katikati ya soksi. Anayeongea sana kuhusu kitu kisicho na maana amebeba kitu. Nabintu alilijua hilo kabla hajanijua mimi. Ndiyo maana alikuwa akiuliza habari za paka.

Nilimpelekea Nabintu ujumbe ule nyumbani kwake, nikidhani utampunguzia mzigo. Alinisikiliza huku akikunja nguo za watoto. Aliponiuliza huyo mama anaishi na nani, nilimjibu kwamba sijui, sikuuliza.

"Iko peke yake, basi," akasema. "Nitaenda kumuona."

Na alikwenda. Mpaka leo huenda. Lakini leseni hakuirudia, ingawa muda wa masharti ulishapita na nimemsihi mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Anafanya kazi ya kufua nguo katika hospitali moja, mahali ambapo hakuna mgonjwa wa kumweleza kitu. Mikono yake imechubuka kwa sabuni. Katika watu wote waliopita mikononi mwangu, yule aliyezaliwa kuwa muuguzi ndiye asiye muuguzi, na hilo halinitoki.

Darasa nililifunga mwisho wa mwaka ule. Mchungaji alinisihi niendelee. "Mwalimu, watu wanahitaji ku-pass," alisema. "Wasipopita watalea watoto na nini?" Alisema kweli. Kwa hiyo ninyi mnaonipigia simu mkiomba zile kanuni, sitawanyima. Jifunzeni kuvua maswali, mpite, mfurahi. Ila siku ya kwanza ya kazi, mkikuta binti anaeleza habari za soksi, vuteni kiti mkae. Ripoti itachelewa, msimamizi atawafokea, vumilieni. Nimewapa ushauri huu wengi, na wengi wameniambia ndiyo Mwalimu, na najua zamu ina wagonjwa wangapi.

Sasa nina miaka sabini na minne. Mke wangu alitangulia mwaka jana. Wanangu wananipenda na wana shughuli nyingi, na wameanza kutajiana, wakidhani sisikii, majina ya nyumba za wazee.

Mwezi uliopita nilianguka kwenye barafu mbele ya nyumba yangu hapa Brooklyn Center. Nilianguka tena wiki iliyofuata, bafuni, bila barafu yoyote, na mara hiyo sikujua nimelala chini kwa muda gani. Nilikuwa na miadi ya kawaida kliniki, nikaenda kwa basi. Muuguzi alikuwa kijana wa kwetu, mpole, kasuka nywele vizuri, pengine mtoto wa mtu niliyemfundisha. Aliniamkia shikamoo. Akaniuliza, macho yakiwa kwenye kompyuta, kama tangu miadi iliyopita nimepata kuanguka.

Nikamweleza habari za mkate. Nilimweleza kwamba siku hizi naoka mwenyewe, kwamba unga wa hapa hauumuki kama wa Tukuyu, kwamba theluji ya mwaka huu imekuja mapema na njia ya mbele ya nyumba ina utelezi kidogo, mtu anaweza kuyumba, lakini jirani yangu Mhmong ni mtu mwema, hunisaidia kuisafisha. Na kwamba goti, mwanangu, goti la kulia linanisumbua sana, hebu liangalie.

Aliliangalia goti. Aliliangalia vizuri, kwa mikono yenye joto, akaandika. Nilimtazama akiandika na nilijua kila neno alilolikata, na mahali nilipoliweka. Nilikaa pale nikivaa kiatu taratibu kuliko ilivyohitajika, nikingoja aniulize mara ya pili.

"Sawa, Baba, tuonane baada ya miezi mitatu," akasema, na akamwita mwingine.

Wanangu hawajui. Ninyi mtakaosoma hapa ndio watu wa kwanza ninaowaambia.